Siku Tuliyoficha Magari

Mimi ni dereva. Kwa miaka kumi na minne nimeendesha gari la kituo cha wazee, kibasi cha viti kumi na viwili chenye mlango unaogoma kila asubuhi, na katika miaka yote hiyo sijamwona mtu aliyeipenda kazi yake kama yule mwanamke tuliyemwita Mama Funguo. Naandika habari zake nikiwa na hasira, afadhali niseme mapema. Anayetafuta maneno matamu aishie hapa hapa.

Jina alilipata kwa ajili ya kicha cha funguo alichokifunga kiunoni. Alianza kituoni kama mfagiaji, akawa mpika chai, mwishowe wakampa usimamizi, lakini ufagio hakuuacha wala birika hakuliachia mtu mwingine. Saa moja asubuhi ungekuta madirisha yote yako wazi. Alijua nani anasikia kwa sikio la kushoto, nani anaiba sukari, nani anasema uongo kwamba amekula nyumbani. Viti alivipanga kwa kufuata miguu ya watu: mwenye goti bovu karibu na mlango, mwenye kwenda haja mara kwa mara karibu na choo, na wale wawili waliokosana tangu ujana wao, kila mmoja kona yake. Mume alifariki mapema, mtoto hawakujaliwa. Ndugu wa damu aliyembakia duniani ni mmoja tu, kaka yake, ambaye sote tulimwita Fundi Saa.

Fundi Saa alikaa kwenye kibanda cha kutengenezea saa miaka arobaini, na kukaa huko ndiko kulikomlia miguu. Uzeeni akachukuliwa na binti yake, ghorofa ya pili. Binti na mume wake wanatoka alfajiri, wanarudi giza limeingia, na kutwa nzima mzee anabaki na kuta. Lakini kituoni alikuwa mfalme. Drafti alikuwa hafungwi, na akimfunga mtu alimpa pole kwa adabu mpaka mfungwa anatamani kumpiga.

Kila asubuhi nilipanda ngazi zile kumfuata, nikamshika mkono, tukashuka polepole. Kila asubuhi alitazama saa yake.

"Dereva, umechelewa dakika tatu."

"Mzee, saa yako ndiyo inayokimbia."

"Saa hii haijakimbia tangu wewe hujaota ndevu. Twende."

Kwenye kituo cha zamani nilikuwa nasimamisha gari mlangoni kabisa. Mama Funguo alitoka na kiti cha plastiki cha buluu, akakiweka chini kando ya gari, kaka yake akashuka, akakaa, akavuta pumzi, kisha akaingia ndani kwa miguu yake mwenyewe. Hatua sita. Hakutaka kubebwa, na dada yake hakuwahi kumwambia abebwe. Hilo ndilo jambo ambalo sijui kama wenye ofisi wanaweza kulielewa.

Basi ikaja barua kwamba jengo letu litavunjwa. Kituo kitahamia jengo jipya, chumba cha chini upande wa nyuma, mbele yake kliniki ya meno. Uwanja wa kuegesha magari ni mmoja, wa watu wote. Watu wa kliniki wakalalamika kabla hata hatujafunga mizigo. Mama Funguo aliitwa kwenye kikao, na mmoja wao, alinisimulia, alisimama akatabasamu akasema wazee tunawapenda sana, ila uwanja ni mdogo. Tangu hapo neno "ila" nikilisikia ofisini huwa nashika kofia yangu tayari kuondoka. Kikao kikaamua kwamba maofisa wawili watakuja kwenye kituo chetu cha zamani Jumatano moja asubuhi, wahesabu magari tunayotumia, na nafasi kwenye uwanja mpya zigawanywe kwa hesabu hiyo.

Alirudi kutoka kikaoni. Akanikuta naosha gari.

"Wakikuta magari yamejaa, watasema hao hao ndio wasumbufu," aliniambia. "Jengo watatunyima, na hili linavunjwa. Tutakwenda wapi? Lakini wakikuta uwanja mweupe, wataona sisi hatuna makuu."

"Dada, hapo umepiga penyewe," nilimwambia. Nayaandika maneno yangu kama yalivyokuwa, maana leo wapo wanaomlaumu peke yake. Mimi nilimsifu. Nilimwona mjanja.

Jumanne aliwatangazia wazee. Wanaoletwa na watoto wao washushwe kwenye kona ya duka, wamalizie kwa miguu. Mpima ardhi mstaafu, mwenye gari lililokula chumvi nyingi kuliko yeye, aliache nyumbani. Mimi niwashushe watu wangu mapema kabla maofisa hawajafika, halafu nikalifiche gari nyuma ya stoo ya mbao. Wazee walifurahi. Walichekacheka kama watoto wa shule wanaojua mwalimu atakalia nini. Aliyepinga ni mmoja tu.

"Mbona tunajificha kama tumeiba?" aliuliza Fundi Saa.

"Kaka, nyamaza," dada yake alimwambia. "Ni kwa siku moja."

Siku hiyo kila mtu alivaa nguo zilizopigwa pasi. Maofisa walifika saa mbili na nusu, kijana mmoja wa kike na mwenzake wa makamo, kila mmoja na ubao wa kuandikia. Tuliwawekea viti kivulini. Walikunywa chai yetu kwa muda wa saa tatu wakitazama uwanja uliofagiliwa, usio na hata tairi. Walipoondoka yule dada alimshika Mama Funguo mkono, akamwambia kituo chenu kizuri, hakina fujo hata kidogo. Wazee wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya stoo, nimekaa ndani ya gari nikisikiliza redio, nikijiona mtu wa maana.

Tukahama. Wiki ya kwanza ikabandikwa karatasi kwenye geti: kliniki nafasi ishirini na sita, wageni tatu, mkurugenzi wa jengo nafasi moja, kituo cha wazee hakuna. Gari la kituo lishushe watu nje ya geti. Kutoka getini unauzunguka ukuta wote wa jengo ndipo ufike mlango wetu. Nilihesabu hatua zangu mwenyewe, mia mbili na kumi na mbili. Za Fundi Saa sikuzihesabu. Alikuwa akisimama mara nne njiani, mkono ukutani, na watu waliofuata meno yao wakimpita kwa adabu zote.

Mama Funguo alivaa nguo yake ya kikao, akaenda kwa msimamizi wa jengo, akanichukua kama shahidi. Msimamizi ni kijana msafi, mwenye heshima. Alisimama kumpokea.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ile karatasi ya getini. Nina wazee watano hawawezi kutembea kutoka kule."

Alifungua faili, akamgeuzia. "Mama, hizi si takwimu zangu. Ni zenu. Walihesabu asubuhi nzima, hawakuona gari hata moja."

"Yalikuwepo," alisema. "Niliyaficha."

"Uliyaficha?"

"Niliogopa mtatukataa. Nilitaka muone hatusumbui."

Kijana alilifunga faili. Kisha akasema, kwa upole ambao mpaka leo naukumbuka kwa uchungu kuliko tusi, "Mama, sasa mimi niandike nini? Niandike kwamba mliidanganya kamati? Maana nikiandika hivyo, hata chumba chenyewe watauliza kama kweli mnakihitaji. Acha iwe hivi. Hesabu inarudiwa baada ya mwaka."

Tulitoka. Kwenye korido alisimama akanitazama, kicha cha funguo kimetulia kiunoni. "Nimejipalia makaa mwenyewe," alisema. Nilitaka kumwambia tumejipalia sote wawili. Badala yake nilikwenda kuwasha gari.

Sasa sikiliza kuhusu nafasi ya mkurugenzi. Iko upande wa nyuma, pua na mdomo na mlango wetu. Mkurugenzi mwenyewe anakuja mara moja kwa mwezi, na mwezi mwingine haji. Kila siku wazee wetu walikaa dirishani wakiitazama ile nafasi tupu, iliyochorwa mistari myeupe, inapigwa jua. Mwezi wa pili, Fundi Saa alipokuwa amesimama mara ya tatu ukutani huku anatetemeka miguu, nikashindwa kuvumilia. Nilirudi getini, nikamwambia mlinzi nina mgonjwa, nikaingia na gari, nikampakia pale ukutani, nikasimama kwenye nafasi ya mkurugenzi. Dada alitoka mbio na kiti cha buluu. Kwa mara ya kwanza tangu tuhame mzee alishuka, akakaa, akavuta pumzi, akaingia kwa miguu yake. Hata utani ulirudi.

"Dereva, leo umewahi."

Nilikawia dakika tano ndani, nikimsaidia kuvua koti. Niliporudi nje gurudumu langu lilikuwa limefungwa chuma cha njano. Nilibishana, nikabembeleza, nikapaza sauti. Mlinzi, mtu mzima mwenzangu, alinijibu bila kunitazama kwamba na yeye ana watoto. Wazee walikaa mpaka jioni wakisubiri chuma kitolewe, wengine bila dawa zao, na Mama Funguo akiwa anapita kutoka kiti hadi kiti akiwaomba radhi. Fundi Saa hakucheza drafti siku hiyo. Alikaa dirishani, akiangalia gurudumu.

Kesho yake nilipanda ghorofa ya pili kama kawaida. Nilimkuta amekaa kitandani, hajavaa viatu.

"Leo siji," alisema. "Wala kesho. Mwambie dada yangu sitaki kuwa msumbufu."

Niliufikisha ujumbe neno kwa neno. Nilidhani namheshimu mzee kwa kutobadilisha maneno yake. Mama Funguo alinisikiliza, akakivuta kiti cha buluu, akakikalia yeye mwenyewe, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Hakulia. Alikaa tu na mikono mapajani, na nje honi za magari ya kliniki zikipiga.

Mwaka mzima alikuwa kiguu na njia. Barua aliandika, vikao alihudhuria, alisimama nyuma kabisa na kunyoosha mkono mpaka wakamzoea, na kumzoea mtu ofisini maana yake ni kuacha kumsikia. Jioni, akishafunga milango yote, alikwenda kwa kaka yake na ubao wa drafti kwapani. Drafti yeye haijui. Kaka alimfunga kila mchezo, na binti yake aliniambia mzee siku hizi hampi pole anayefungwa.

Maofisa walirudi. Safari hii tulifanya vituko. Mama Funguo aliwaambia wote walete kila kilicho na magurudumu. Mpima ardhi alileta gari lake likisukumwa na wakwe zake wawili. Mkwe wa mwingine alileta lori la mchanga. Tulipanga foleni nje ya geti mpaka kona, na yule dada wa ubao wa kuandikia alicheka, akaandika, akacheka tena. Hata Mama Funguo alicheka kidogo. Baada ya wiki mbili tukapewa nafasi mbili, na moja ni ile ya mkurugenzi. Wakafuta jina la cheo chake, wakaandika WAZEE kwa rangi ya njano.

Nilikimbia ghorofa ya pili. Nilipanda ngazi mbili mbili, mtu mzima kama mimi, nikaingia nikihema.

"Mzee, tumepata! Mlangoni kabisa! Hatua nane!"

Binti yake, aliyekuwa amebaki nyumbani siku hiyo, alinitikisia kichwa taratibu. Miguu iliyokaa karibu mwaka bila kushuka ngazi haikutaka tena habari za ngazi. Siku hizo alikuwa akifikishwa chooni kwa kushikwa huku na huku. Fundi Saa aliinua mkono wake, akatazama saa muda mrefu.

"Umechelewa, dereva," alisema. Dakika hakuzitaja.

Wale wengine wanne wasioweza kutembea walikwisha kuacha kuja zamani, mmoja mmoja, bila ugomvi, kila mmoja na udhuru wake wa heshima. Wanaopanda gari langu leo ni wenye miguu. Wangeweza kushukia getini na wasione tofauti. Mimi naegesha mlangoni, kwenye maandishi ya njano, kwa sababu tusipoitumia nafasi wataichukua.

Na kila asubuhi, nikizima injini tu, Mama Funguo anatoka na kiti cha buluu. Anakiweka chini kando ya mlango wa gari, anasubiri mpaka mtu wa mwisho ashuke, anachungulia ndani, halafu anakiinua na kurudi nacho. Nilivumilia miezi mitatu, nikashindwa.

"Dada, kiache ndani hicho kiti. Hakuna wa kukikalia."

Alikipangusa vumbi kwa ncha ya khanga.

"Wakija kuhesabu," alisema, "wakikute."