Kikombe cha Nyuma ya Jiko

Mtoto wangu wa kwanza amelala kibanjani, katikati ya migomba, nyuma ya nyumba ya wakwe zangu Nyakatuntu. Kila nikienda kukata ndizi nampita. Watu waliniambia nitazoea. Sijazoea, na wanaosema hivyo natamani kuwazaba makofi.

Siku ile uchungu uliponianza, mama mkwe alinivuta nyuma ya jiko akanipa kikombe cha mumbwa, ule udongo uliokandwa na majani ya dawa ambao wajawazito wa kwetu huuyeyusha kwenye maji. Wengi hunywa kidogo kidogo. Yeye alikoroga donge zima, likawa zito kama uji, ili mtoto ashuke upesi nisije nikapasuliwa.

"Mwanamke aliyepasuliwa hashiki jembe," alisema. Nikanywa nikamaliza.

Tumbo lilinikamata nikiwa juu ya bodaboda. Halikubana na kuachia kama wanavyosimulia wengine. Lilibana tu, likazidi kubana, mpaka nikamng'ata dereva begani. Pale zahanati muuguzi aliuliza kama nimekunywa dawa za miti. Mama mkwe akajibu kabla yangu: "Hajanywa."

Basi wakaniona mvivu. Nilipigwa makofi mapajani. "Sukuma! Unamuua mtoto!" Mhudumu mmoja wa kiume akapanda kitandani, akanikandamiza tumbo kwa kiwiko, nami nikasikia nyama yangu ikichanika. Mtoto alitoka wa bluu, hakulia. Muuguzi akasema nimemuua mimi kwa kubana miguu.

Nilipopata mimba tena, daktari wa hospitali huko Karagwe alinipa njia mbili: nijaribu kuzaa kawaida, lakini hapo hapo hospitalini nikiangaliwa, au nipasuliwe siku iliyopangwa.

"Amua wewe, mama," akasema. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo tangu niolewe. Niliogopa vyote viwili. Kuzaa kawaida kulikuwa na makofi na kiwiko. Kisu kilikuwa kisu. Nilipomwuliza mume wangu, alisema tumsikilize mama, akaenda zake kuanika kahawa.

Mama mkwe akaja na kikombe. Kile kile cha bati, kilichobanduka rangi mdomoni.

"Kunywa, mwanangu. Safari hii tuanze mapema."

Nilikipiga kikaruka. Akanishika mkono, nikamsukuma, akaanguka kando ya mafiga akauangukia mkono wake. Kwetu mkwe hapigwi. Hata sauti haipandishwi mbele yake. Mimi nilichukua panga nikafyeka majani yake yote ya dawa nyuma ya jiko, tumbo likiwa mbele, nikimtukana kwa Kinyambo matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Nilipotupa panga nilikuwa nimeshaamua. Kama ni lazima nichanwe, basi anichane mtu niliyemruhusu, nikiwa na ganzi.

Siku ya kupasuliwa alitufuata hospitali bila kuambiwa, mkono umefungwa kitambaa. Sikumwamkia. Muuguzi akauliza swali lile lile: kuna dawa yoyote ya miti umekunywa? Nikafungua mdomo. Mama mkwe, aliyesimama mlangoni, akaniwahi tena.

"Hajanywa," alisema. "Ile mara ya kwanza ndiyo alikunywa. Nilimpa mimi. Nikasema uongo, mjukuu wangu akafa."

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Mume wangu akatazama sakafu. Nilitamani kumpiga tena yule mama, na nilitamani anishike mkono. Sikufanya lolote. Wakanisukuma kwenda chumba cha upasuaji.

Binti yangu alitolewa akilia kwa hasira, nikajua huyu ni wangu. Waliponirudisha wodini mama mkwe alikuwa bado amesimama pale pale mlangoni, hathubutu kuingia.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.