Wanja wa harusi umenitia doa msibani

Admini, jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na tisa, nina mume na watoto wanne, naishi Kasulu. Wanaonijua watanitambua hata ukinificha, kwa sababu mimi ndiye yule mwanamke anayepiga simu redioni kubishana na wageni waalikwa. Nimesoma vitabu vingi na nimezoea kutoa ushauri nisioombwa. Leo nauomba. Na ninyi mtakaoanza na "umri huo na mekapu wapi na wapi", someni mpaka mwisho kwanza, matusi yana muda wake.

Nilikuwa matroni kwenye harusi ya binti wa jirani. Matroni hajichagulii uso, anapambwa aendane na bibi harusi. Binti wa mdogo wangu, mwenye saluni, alinipaka ile mekapu isiyotoka kwa maji wala jasho, midomo myekundu, wanja mzito mpaka pembeni. Tulikuwa tunasubiri gari la kwenda kanisani mume wangu alipopiga simu kutoka Busunzu, alikokuwa akimuuguza mama yake. Alisema, "Mama ametuacha," akakata.

Niwaambie mabukwe wangu, huyo mama mkwe, alikuwa nani. Wakwe wengine waliniita mdomo mrefu, yeye alivuta kigoda karibu. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea Biblia, kisha tunagombana. Aliwahi kuniambia Sara angekuwa Muha asingemfukuza Hajiri, angempa jembe akalime maharage. Nikimpinga alisema, "Maliza hoja yako, mwanangu, halafu unywe uji, unapoa." Katika ukoo ule mzima, ni yeye peke yake aliyefurahi nilipofungua mdomo.

Nilivua gauni, nikajifunga kitenge, nikaenda bombani. Nilisugua kwa sabuni ya kipande mpaka mashavu yakawaka, wanja ukabaki unang'aa kama umepakwa muda huohuo. Yule binti wa saluni akaniletea chupa ndogo. "Mama mkubwa, hii ni dawa mpya ya kutolea mekapu ngumu. Imeingia juzi, sijaijaribu kwa mtu." Gari la Kibondo, la kunifikisha Busunzu, lilikuwa linaondoka. Nikaitia kwenye mkoba, nikajitanda khanga mpaka kwenye nyusi.

Khanga haikai kichwani msibani. Nilimwangukia mume wangu, nikalia mpaka sauti ikakauka, bega la shati lake likalowa chapachapa. Nilipoinua uso khanga ilikuwa chini na kinamama wote mkekani wananitazama. Wifi yangu mkubwa akasema bila kushusha sauti, "Oneni. Kelele zote zile, wanja haujasogea. Wifi, ulikuwa unalia au unaimba?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, ametuletea keki."

Basi hilo ndilo kosa langu. Walitafuta michirizi myeusi mashavuni, hawakuiona, wakaamua sikulia. Watu wazima, wanaosali kila Jumapili, wanapima uchungu wa mtu kwa uchafu wa uso wake. Huzuni safi hawaitambui, mpaka ichafuke ndiyo waiamini.

Nikachukua chupa nikaenda bafuni, nyuma ya nyumba. Maelezo yalikuwa kwa herufi za kigeni, na mimi mwenye kabati zima la vitabu sikuambulia hata moja. Nikamimina kwenye pamba, nikasugua. Sitaisingizia ile dawa, kazi inafanya, rangi iliyeyuka kama samli kwenye kikaango. Ila nilisugua kwa pupa, ikaniingia machoni, ikachoma kama pilipili. Nilitoka macho yamevimba, mekundu, machozi yanamwagika yenyewe, na safari hii michirizi myeusi ilifika kidevuni.

Wifi alikuwa amenifuata. Aliiokota chupa niliyoiacha juu ya jiwe, akainusa, akaipeleka mkekani. "Jamani, kumbe machozi ya wasomi yanauzwa kwenye chupa." Wakacheka, maiti ikiwa ndani. Chupa ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja anainusa.

Nilijitetea, tena kwa sauti. Nikawaeleza mekapu ile ni ya namna gani na dawa ile ni ya nini. Shangazi wa mume wangu akasikiliza yote, kisha akasema, "Aliyefiwa kweli hapati nguvu za kubishana hivi." Mkwe aliyependa hoja zangu alikuwa amelala chumba cha pili, hawezi kunijibia.

Sasa ukoo umeamua kwamba siku ya kuanua tanga, Jumamosi ijayo, nipige magoti kaburini, mbele ya watu, niombe radhi kwa kumdhihaki marehemu. Nikikataa, nisikanyage tena mji ule. Kabla sijarudi Kasulu mume wangu alisema hawezi kugombana na ndugu zake, na nisipokubali atabaki hukohuko Busunzu. "Piga magoti, sema maneno mawili, yaishe. Kwani utapungukiwa nini?"

Nikamuuliza, "Baba watoto, siku ile shati lako lililoweshwa na nini?"

Aliangalia chini. "Najua. Lakini halikubaki na doa, mama. Nitawaonyesha nini?"

Hapo ndipo nilipoumia kuliko msibani. Wale wanawake walinikosea kwa kutoelewa. Huyu anajua, tena alilowa, na bado anataka nikiri.

Nikipiga magoti, nitakuwa nimetangaza juu ya kaburi lake kwamba sikumlilia mtu pekee aliyenipenda na mdomo wangu huu. Nisipopiga, mume simwoni, na kaburi silioni. Wanja umeshatoka wote. Kila asubuhi nikikoroga uji nalia, uso mtupu, na hakuna anayekuja kuangalia kama mashavu yamelowa.

Mliowahi kusingiziwa uchungu wenu, nambieni. Jumamosi niende au nisiende? Na nikienda, nifanye nini na haya magoti?