Barua Isiyo na Jina la Mji

Mimi hasira zangu ziko karibu, nasema mapema tusije tukalaumiana. Baba yangu alikuwa mpole kupita kiasi, na nadhani hasira zake zote alinirithisha mimi binti yake bila yeye mwenyewe kuzigusa.

Alikuwa fundi wa chokaa Mutsamudu, kisiwani kwetu Nzwani. Msikiti wa mtaani kwetu, ule uliobanwa na vichochoro hata mzigo lazima upite kichwani, kuta zake za ndani alizipiga lipu yeye. Ukuta wa kibla aliutengeneza upya kwa wiki tatu, amepiga magoti. Na Maulidi aliijua yote kwa moyo, herufi kwa herufi. Lakini siku ya Maulidi yenyewe, kitabu kilizunguka safu ya mbele tu, kutoka paja hadi paja, kila mzee wa kikabaila na mlango wake, yaani sura yake, ya kusoma. Kazi ya baba ilikuwa chetezo. Kitabu kikibadilisha mikono, yeye huinuka kule mlangoni penye viatu, akaenda kumfukizia msomaji mpya udi, kisha akarudi kukaa. Hapakuwa na msomaji aliyefungua kinywa kabla ya moshi kumfikia. Ndiyo ilivyokuwa desturi yetu.

Sababu kila mtu aliijua. Babu wa baba aliletwa kutoka Msumbiji akiwa amenunuliwa, na kwetu wajukuu wa watu wale waliitwa Wamakua hata wakiwa hawajui Msumbiji iko upande gani. Tuliambiwa sisi ni kizazi cha Hamu, mwana aliyelaaniwa na baba yake baada ya gharika, tumelaaniwa tangu safina. Mimi niliambiwa na mke wa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani nikiwa na miaka minane, huku ananipa andazi, kwa upole kabisa. Andazi nililila. Njaa haina adabu.

Baba alitaka kitu kimoja tu duniani: kusoma mlango mmoja wa Maulidi, mara moja, kabla vumbi la chokaa halijaimaliza sauti yake. Hakumwomba mtu. Alimwambia mama, mama akaniambia mimi.

Nzwani ilipojitenga na serikali ya Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, mimi nilikuwa kisiwani Ngazidja, nasomea ualimu chuo cha Mvouni. Ndege zikasimama, barua zikasimama, nikabaki huko huko. Nilipanga chumba mjini Moroni kwa mama mmoja muuza samaki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu kutoka bandarini. Siku moja walikuja majirani kumwambia Wanzwani warudi kwao. Akasimama mlangoni na mwiko wa wali mkononi. "Huyu wangu," akasema. "Nani anamtaka aje amchukue." Hakuja mtu. Jioni hiyo alinipa kichwa cha samaki, na kichwa hapewi mgeni hivi hivi. Wallahi, nilikuwa na raha katika nyumba ile kuliko inavyopasa mtu aliyekwama.

Kule Mvouni, kwenye kabati la vitabu, nilikuta kitabu cha Kifaransa juu ya dini za Wamarekani. Nilikichukua kwa sababu niliona ukurasani neno Moroni. Kumbe kwa Wamormoni, watu wa dhehebu moja la huko, hilo ni jina la malaika. Nilicheka peke yangu, nikaketi kusoma. Kicheko hakikudumu.

Viongozi wao wa mwanzo walifundisha kwamba watu weusi ni kizazi cha Kaini na Hamu, na rangi yao ndiyo alama ya laana. Huko nyikani walikohamia waliweka sheria ya kuruhusu watumwa, na wakasema ni amri ya Mungu. Mtu mweusi aliweza kuamini, kutoa zaka, kufanya kazi. Ukasisi asiupate, na ibada za ndani ya hekalu asizishiriki. Ikaendelea hivyo zaidi ya miaka mia. Palikuwa na seremala mmoja mweusi, mwaminifu, aliyefanya kazi ya kujenga hekalu lao kwa mikono yake. Akaomba haki yake humo ndani. Akakataliwa. Akaomba tena hali amezeeka, wakamkatalia tena.

Ebo! Hamu huyu huyu! Hamu wa andazi langu! Nilikuwa na hasira hata nikasimama, na wakati huo huo, sitaficha, nilifurahi. Kama uongo ule ule umeweza kukaa kwa watu ambao hawajawahi kutusikia, na wana kitabu chao na malaika wao, basi haukushuka mbinguni. Ni tabia tu ya waliokaa mbele.

Nikamwandikia baba habari za seremala yule na laana ya Hamu. Aliandika na kusoma kwa herufi za Kiarabu, nami nikamwandikia hivyo hivyo, kwa lugha yetu. Barua ilibebwa na mama mmoja mchuuzi wa vitambaa aliyepitia kisiwa cha Mwali. Kwa kuwa bandarini Mutsamudu vijana wenye bunduki walifungua kila karatasi, niliogopa majina ya kigeni yangemletea baba maswali. Sikuandika Amerika wala Wamormoni. Niliandika "wazee wa dini wa mji mmoja", basi. Nilitaka tu ajue kuwa ana mwenzake.

Ikapita miezi mitatu, ikaja kaseti. Mama muuza samaki akaileta redio yake ya kaseti mezani na akakaa nayo karibu kama ni ya kwao. Upande wa kwanza alikuwa mama yangu anaongea, nami namtafsiria mwenye nyumba, maana Kinzwani chetu na Kingazidja chao si kimoja.

"Mwanangu, ungekuwepo!" alianza mama. Chini ya dirisha letu ipo baraza ya mawe wanapokaa wale wazee wa safu ya mbele baada ya sala ya alasiri. Baba alikuwa anapita, wakamwuliza binti yako anasemaje huko Moroni. Naye akaitoa barua, akawasomea.

"Walivyowaka! Kila mmoja anasema Astaghfirullah. Mzee wao mkubwa akapiga bakora chini. Hao watu wa Moroni, akasema, hawamwogopi Mungu. Mtu kajenga nyumba ya ibada kwa jasho lake, wamnyime haki yake kwa sababu ya babu yake? Ndiyo maana sisi tumejitenga nao!" Miezi ile kuilaani Moroni ndiyo ilikuwa burudani ya mji wetu. Mama akaendelea kwenye kaseti. "Baba yako akaikunja barua. Akasema, binti yangu hakuandika jina la mji. Mimi nilipoisoma, nilidhani ni hapa."

Basi, mama alisema, mzee mkubwa akainuka na bakora yake, akaenda zake bila kuaga. Siku tatu hakuonekana barazani. Upande wa kwanza ukaishia hapo.

Nilijikasirikia. Nimemponza baba yangu kwa ujuaji wangu! Hata ile nafasi ya mlangoni penye viatu watamnyima sasa.

"Geuza upande wa pili, we mtoto," akasema mwenye nyumba. "Usinitie presha."

Nikageuza. Ilikuwa Maulidi yenyewe, mama kairekodi kutoka dirisha letu linaloelekea msikitini, baada ya alasiri. Nikawatambua wasomaji kwa sauti, mmoja, wa pili, wa tatu, na waumini wanaitikia. Kisha pakawa kimya, kimya kirefu.

"Imekatika?" akauliza mwenye nyumba.

Haikukatika. Nilisikia kikohozi na nikakijua. Kitabu kilikuwa pajani mwa baba yangu, wote wanamngoja, na hapakuwa na wa kumletea chetezo, maana mbeba chetezo ndiye aliyekuwa amekaa safu ya mbele kusoma.

Halafu bakora. Tok, tok, taratibu, kutoka safu ya mbele kwenda mlangoni, na kutoka mlangoni kurudi. "Mzee mkubwa," alinong'ona mama karibu na redio. "Kaja nacho mwenyewe!"

Baba, aliyewafukizia wenzake miaka yote ile, moshi ulimfikia akapiga chafya mbili. Kisha akaanza kusoma.