Mkono Uliokataa Kustaafu

Juzi, katika zahanati moja huko Konoin, niliketi benchini karibu na nyanya mmoja aliyefungwa bendeji mkono wa kulia. Nyuma ya benchi kulikuwa na ua wa michai. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukichuna majani bila yeye kuuangalia, na kuyatupa nyuma ya bega, pale kikapu cha mchuma chai hukaa.

Daktari akatoka, akamwita nyanya kwa lugha ya huko. "Kogo, si nilikuambia uache kuchuna? Huo mwingine pia utaumia."

"Mimi niliacha, daktari. Ni mkono haujasikia."

Daktari akagusa paji la uso wake mwenyewe. "Hapa mbele, ubongo uko na breki. Mkono ukizoea kazi sana, unaenda kabla breki haijashika."

Nyanya akafikiria kidogo, kisha akaukalia mkono wake.

Mara simu ikalia. Benchi nzima tulitia mikono mifukoni, mimi nikiwa wa kwanza, na daktari akapapasa koti lake. Haikuwa ya yeyote kati yetu tuliopapasa. Nyanya hakutikisika.

"Ni yangu," akasema. "Wacha ilie."

Safu hii nimeiandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine nimeukalia.