Setting moja ya BIOS ilivyomsimamisha kazi mama wa watu Handeni

Wakuu, salaam. Hili sijawahi kulisimulia popote, na sitalitia chumvi hata punje.

Ni kipindi cha ubinafsishaji. Mashamba ya mkonge yamepata wamiliki wapya, baba kapunguzwa kazi Mazinde, mimi nimefungua kibanda cha kutengeneza kompyuta Korogwe mjini.

Enzi hizo ukijua kufungua kompyuta tu unaitwa injinia. Jina lile lilinipanda kichwani.

Hospitali moja ya Handeni ikaniita. Server yao, kompyuta kuu yenye rejista ya wagonjwa wa TB, ilikuwa haionyeshi kitu kwenye skrini. Kadi ya video imekufa, na mpya mpaka iagizwe Dar.

Nikachomeka kadi yangu kwa muda, nikaingia BIOS, yale mapangilio ya ndani ya mashine kabla haijawaka kabisa, nikawasha Console Redirection. COM1, speed 9600, flow control nikachagua Hardware.

Yaani maandishi ya server yanapita kwenye waya wa serial na kutokea kwenye kompyuta ya pili. Hiyo ya pili ilikuwa ya Mama Mhina, karani wa rejista.

Nikachomoa kadi yangu. Ikafanya kazi safi, nikasifiwa, nikarudi Korogwe.

Siku ya nne Mama Mhina akapiga simu. Server imegoma.

"Mama, umegusa nini?"

"Sijagusa, mwanangu. Umeme ulikatika. Ila nimeona nikiiwasha kabla ya hii yangu, haiendi."

"Hapana mama, hivyo vitu havihusiani. Msiiguse tena mpaka nije."

Mganga mfawidhi, daktari mkuu wa hospitali, alipochukua simu nikamwambia huenda karani kabonyeza asichokijua.

Hiyo "huenda" yangu ikawa hukumu. Akasimamishwa kazi.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara, nikafika Handeni siku tatu baadaye. Barazani wamejaa wagonjwa. Mzee mmoja wa Kimaasai kamleta mkewe kutoka mbugani, na nesi anapekua kadi asijue yule mama yuko mwezi wa ngapi wa dawa.

Nikawasha kompyuta ya Mama Mhina kwanza, kisha server.

Ikawaka.

Ile Hardware niliyochagua iliifanya server isubiri ruhusa ya kompyuta ya pili kabla ya kutuma hata herufi moja. Ya pili ikiwa imezimwa, inasubiri tu.

Ningeweza kurekebisha kwa dakika mbili nikaondoka na uinjinia wangu. Nani angejua?

Nikaenda kwa mganga. "Daktari, kosa ni langu. Mama Mhina aliniambia, sikumsikiliza."

Akanijibu, "Gari lipo. Kamwambie mwenyewe, umrudishe kazini."

Nilimkuta Mama Mhina nyumbani kwake, anapepeta mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakunipa kiti. Nikasema yote nimesimama.

"Ulinisikia," akasema, "ila hukuniamini."

Akajifunga khanga, tukaondoka.

Tulipofika hospitali nilimwomba akae yeye kwenye keyboard. Nikamwelekeza, akabadilisha Hardware kuwa None, akasave. Kisha akazima zote mbili, akaiwasha server peke yake, akasubiri. Alipowasha ya kwake, rejista ilikuwa inamsubiri.

Hakuniangalia. Akafungua dirisha, akaita, "Mzee, mlete mama."

Nimefunga server nyingi tangu hapo. Siku hizi swali langu la kwanza si "umegusa nini" bali "umeona nini", halafu naandika ninachojibiwa.

Wadau mlio kwenye ufundi, kuna mtu aliwahi kubeba kosa lako? Ulirudi kumwambia? Karibuni, nasoma kila comment.