Kisigino cha Mzee Yakobo

Mzee Yakobo wa Kirua Vunjo alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa kavu. Kwa miaka kumi na tisa alisimamia mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji ya mlimani hadi kwenye migomba ya ukoo. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuusafisha, kila nyumba hutoa mtu, na isiyotoa hukosa zamu ya maji. Jirani yake Filbert aliwahi kushindwa kutoka, yuko hoi kwa malaria. Yakobo akamnyima maji vilevile, mboga zikakauka bustanini. "Mfongo haujui malaria," alisema, akajiona amesema la maana.

Mwezi wa pili bodaboda aliyopanda iliteleza, mguu ukaingia kwenye spoku. Zilimchuna kisigino chote, mfupa ukabaki unachungulia. Hospitalini Moshi, Daktari Violet alikata kipande cha ngozi na nyama kwenye shavu la mguu, akakigeuza kikiwa bado kimeshikana na mishipa yake ya damu, akakilaza juu ya kidonda. Pale alipokitoa akapaziba kwa ngozi ya paja.

"Baba, usikanyage kwa wiki sita," alimwambia. "Na usiuning'inize mguu. Uweke juu ya mto. Ukining'inia, damu itashuka ishindwe kurudi, na hiki kipande kitakufa."

Yakobo aliitikia. Lakini wazee wetu wana masikio ya kuchagua: la kukanyaga alilishika, la mto akaliona ni la kudekeza wagonjwa.

Wiki ya tatu, akiwa nyumbani, ikafika Jumamosi ya msaragambo. Mkewe, Aikaeli, alisimama mlangoni.

"Baba Godlove, hebu kaa. Nani atakusema?"

"Filbert. Na ningekuwa yeye, ningesema."

Akatoka kwa magongo. Aliketi ukingoni mwa mfongo saa nne nzima, mguu ukining'inia, akiwaelekeza wenye majembe. Hakukanyaga hata mara moja, na njia nzima ya kurudi alijisifia hilo. Inauma kulisimulia.

Jioni kipande kilikuwa cha bluu. Jumatatu kilikuwa cheusi, kinanuka. Wakamrudisha hospitalini, wakakikwangua na kusafisha, lakini usaha ulishaingia kwenye mfupa.

"Sikukanyaga, daktari," alisema.

"Najua, baba." Kisha Daktari Violet akamweleza kwamba mguu utakatwa chini ya goti. Aikaeli aliangua kilio. Yakobo akatia sahihi.

Siku moja kabla ya kukatwa, Filbert alikuja na mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jumamosi ile tulishangaa kukuona, tukaogopa kukurudisha. Sisi tulishakusamehe msaragambo tangu ulipoumia."

Yakobo alijiinua kwa kiwiko. "Nani alisema nisamehewe?"

"Nilianza mimi, wote wakakubali."

"Mbona hamkuniambia?"

Filbert alimtazama kwa mshangao wa kweli, hakuna kijembe. "Tukuambie ya nini, mzee? Nani angemdai mgonjwa msaragambo?"

Yakobo alijifunika shuka usoni akalia kwa sauti.