Mashine ya Saba

Kabla ya kufuta kitu chochote, Nagaratna Hiremath aliiuliza kompyuta yuko wapi. Aliandika herufi tatu, akangoja jibu, akalisoma kwa sauti ya chini, ndipo akaendelea. Mwaka wake wa kwanza katika kituo chetu cha mbegu hapa Dharwad aliwahi kufuta akidhani yuko kwenye folda ya majaribio, kumbe yuko kwenye takwimu za mvua za msimu mzima. Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na miwili, hakuacha kuuliza.

Nilikaa naye meza kwa meza miaka kumi na mmoja. Aliishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Mchana alikula mikate miwili ya mtama na maziwa ya mgando, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

Programu ya kutunza kumbukumbu za mbegu aliisakinisha mwenyewe kwenye seva kumi na nane za Unix, za hapa na za vituo vya vijijini. Kila seva aliipangia imtumie barua pepe saa kumi na mbili na robo asubuhi, mstari mmoja tu: Mashine ya tatu, nipo salama. Mashine ya tisa, nipo salama. Alizisoma zote pamoja na kahawa yake, moja moja. Sikuwahi kumwona akipata barua nyingine.

Kisha kumbukumbu zikahamishiwa Bengaluru, na seva zetu zikapangiwa kwenda mashuleni. Bwana Angadi, mkuu wa kituo, akamwagiza Nagaratna aandike skripti, yaani mlolongo wa amri, ya kuiondoa programu ile ya zamani kote. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Alitaka jambo moja tu: aondoke bila kumwachia mtu mwingine kitu cha kusafisha.

Wiki ya tatu Angadi akaja kusimama mlangoni.

"Dada Nagaratna, kuondoa tu ndiko kunakuchukua wiki tatu? Mimi nikihama nyumba napakia siku moja."

"Na misumari ukutani unamwachia nani?"

Angadi akacheka, akaenda zake.

Alinionyesha skripti yenyewe. Kwanza inaisimamisha programu, kwa sababu ukiifuta huku inafanya kazi, itaendelea kufanya kazi bila kujua kwamba haipo tena. Halafu inaondoa mafaili, mipangilio, na zile barua za asubuhi. Kabla ya kila hatua inaiuliza mashine iko wapi. Mstari wa mwisho unafuta akaunti inayomiliki vyote hivyo, na akaunti hiyo ilikuwa yake. Alipoanza kazi hakujua kwamba programu hupewa akaunti yake yenyewe. Aliiendesha kwa jina lake, na jina likabaki.

"Si lazima ujifute, Dada," nilimwambia. "Badilisha umiliki tu."

"Nikilibakiza jina, nimeondoa nini?"

"Basi lifute mwanzoni, limalizike."

"Hapana. Ukifuta jina kabla ya mafaili, mafaili yanabaki na namba tupu ya akaunti. Hayana mwenyewe. Siku moja anakuja mgeni, anapewa namba ile ile, anajikuta amerithi takataka za mtu asiyemjua. Jina liwe la mwisho."

Aliiendesha skripti Ijumaa mchana. Akaiendesha tena. Mara ya pili haikukuta cha kuondoa.

"Nzuri ndiyo hiyo," alisema. "Ukirudi, haina kazi na wewe." Akachukua kibweta chake cha chakula akaondoka.

Jumatatu asubuhi nilikuta barua iliyorudishwa kwangu, mimi niliyeachiwa barua zisizofika, kwa sababu aliyeandikiwa hajulikani. Mashine ya saba, nipo salama. Hiyo ilikuwa ya kituo cha Annigeri, iliyougua kila mara, na kila mara Nagaratna alipanda basi kwenda kuitengeneza. Nilijua ningemuumiza nikimwambia kwamba kuna kilichobaki. Sikumwambia, na sikuifuta. Kesho yake ikaja tena, na kesho kutwa.

Alinipigia simu mara moja tu, siku ya kumi. Mwezi uliofuata moyo wake ulisimama akiwa jikoni.

"Umekula?" aliniuliza katika simu ile.

"Nimekula, Dada. Wewe je?"

"Nimepika cha mtu mmoja, kimetosha watatu. Huko hakuna kilichobaki?"

"Hakuna. Peupe kabisa."

Nikasikia sufuria ya presha ikipiga filimbi upande wake. Hakwenda kuizima.

"Hata ya saba?"

"Sufuria yako itaungua, Dada," nikasema.

"Hujui kudanganya, Sumangala. Hiyo niliiruka mwenyewe. Ifute, tafadhali. Lakini si leo."